JFS au FSI: makala yako ya sayansi jinai uipeleke wapi?

Makala yangu ya kwanza ilirudishwa baada ya siku nne. Ilihusu upimaji wa methanoli katika damu ya watu waliofariki baada ya kunywa gongo, na nilikuwa nimeihangaikia kwa miezi minane. Mhariri hakuipeleka hata kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijakubaliwa; aliandika sentensi mbili tu, kwamba kazi imefanywa kwa uangalifu lakini haiwahusu wasomaji wa jarida lake. Nilisononeka wiki nzima, kisha nikafungua matoleo ya jarida lile ya miaka mitatu iliyotangulia na kusoma vichwa vya makala kimoja baada ya kingine, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuandika neno la kwanza. Sikuona hata makala moja ya uthibitishaji wa mbinu ya maabara, yaani ya kuonyesha kwamba mbinu inapima sawasawa. Tangu siku hiyo mimi huchagua jarida kwanza, ndipo ninapoandika, na ulinganisho huu ninauandika kwa ajili ya mwenzangu wa maabara, hospitali au chuo ambaye ana matokeo mezani na bado hajui ayapeleke wapi.

Nitalinganisha hasa majarida mawili, kwa sababu ndiyo yanayotajwa kwanza kila watu wa fani hii wanapokaa kuzungumzia uchapishaji. La kwanza ni Journal of Forensic Sciences, ambalo kwa kifupi huitwa JFS. Ni jarida rasmi la American Academy of Forensic Sciences, chama cha wataalamu wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1948. Jarida lenyewe lilianza mwaka 1956 na leo huchapishwa na kampuni ya Wiley. La pili ni Forensic Science International, yaani FSI, la kampuni ya Elsevier, lililoanza mwaka 1972 kwa jina fupi la Forensic Science. FSI limezaa majarida dada kadhaa, na kwa mwandishi wa kwetu ni vigumu kulipima bila kuwapima na hao ndugu zake.

Tuanze na wasomaji, kwa kuwa hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Chama kinachomiliki JFS kina sehemu nyingi chini ya paa moja: wamo madaktari wa uchunguzi wa maiti, wataalamu wa meno, wa mifupa, wa sumu, wa nyaraka zenye utata, wahandisi, wataalamu wa afya ya akili na hata wanasheria, na wanachama wote hao hupata jarida. Makala zenyewe hupangwa kwa fani, kwa hiyo unapowasilisha lazima utangaze uko upande gani. Msomaji wa JFS mara nyingi ni mtu anayejiandaa kupanda kizimbani kama shahidi mtaalamu katika mahakama za Marekani, ambako tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Daubert la mwaka 1993 jaji anaruhusiwa kuuliza, pamoja na mambo mengine, kama mbinu iliyotumika imejaribiwa, kiwango chake cha makosa ni kipi, na kama imepitiwa na wanataaluma na kuchapishwa. Ndiyo maana makala inayosema kinagaubaga kiwango cha makosa cha mbinu yake, hata kama mbinu ni ya kawaida, ina nyumba pale.

FSI kwa macho yangu ni jarida la watu wa benchi ya maabara zaidi. Kemia ya dawa za kulevya, alama za viatu na zana, mabaki ya risasi, picha za kompyuta za maiti, na mijadala ya jinsi ya kupima uzito wa ushahidi kwa hesabu za uwezekano, yote hayo utayakuta, na waandishi wengi wanatoka katika maabara na vyuo vya Ulaya, Asia na Australia. Mpitiaji wa namna hii huvutiwa na jambo jipya. Ukimpelekea kazi inayoonyesha kwamba mbinu inayojulikana inafanya kazi vizuri pia katika maabara yako, atauliza fani nzima imepata nini. Swali hilo ni halali, na ni afadhali ulijibu mwenyewe mapema kuliko kulisubiri lije kwa barua.

Linganisha basi kwa aina ya kazi uliyo nayo.

Ukiwa na taarifa ya kisa kimoja, tuseme kifo cha sumu isiyo ya kawaida au jeraha lenye umbo lisilotarajiwa, JFS lina kundi maalumu la makala za visa. Kwa upande wa pili, taarifa za visa zina makao yake katika jarida dada liitwalo FSI: Reports, lililoanzishwa mwaka 2019. Katika makundi yote mawili kisa hakitapokelewa kwa sababu tu kinashangaza. Kinapokelewa kwa sababu kinamfundisha mchunguzi mwingine jambo la kufanya atakapokutana nacho. Picha nazo zina kanuni zake. Jeraha lipigwe picha likiwa na rula ya umbo la herufi L kando yake, ile yenye miduara ambayo wataalamu wa meno huiita ABFO namba 2, kamera ikiwa wima juu ya ngozi, na chale, uso au kitambaa kinachoweza kumtambulisha marehemu kiondolewe kwenye picha kabla haijatoka kwenye kompyuta yako. Nimeona picha nzuri ikikataliwa kwa sababu pembeni, katika kona ambayo hakuna aliyeitazama, lilionekana jina kwenye kibandiko cha mkono.

Ukiwa na uthibitishaji wa mbinu, mizani yangu huelemea JFS, hasa katika kundi la maelezo ya kiufundi. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa maabara zetu zina kazi nyingi za aina hii zinazolala kwenye majalada. Wapitiaji wa fani ya sumu wana kipimo wanachokitumia, nacho ni kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI/ASB 036, kinachotaka usahihi na uthabiti wa kipimo vionyeshwe kwa ngazi tatu za ukolezi, kila ngazi ikipimwa mara tatu, katika awamu tano tofauti. Hesabu yake ni vipimo 45 kwa kila kitu unachokipima. Maabara yenye foleni ya vielelezo vya polisi inaona idadi hiyo kuwa anasa, lakini ukivipanga katika awamu za kazi za kila wiki vinakamilika bila kusimamisha huduma, ilimradi uwe umejua mapema kwamba utavihitaji. Mwandishi aliyekwisha kutupa sampuli zake ndipo akasoma kiwango hicho hana pa kurudi.

Katika ile kazi yangu ya methanoli nilitumia n-propanoli kama kiwango cha ndani, yaani kitu kinachoongezwa kwa kipimo kinachojulikana ili kulinganishia, kama ilivyokuwa desturi ya maabara. Mpitiaji wa jarida la pili nililolipelekea aliuliza swali moja lililoniweka macho usiku kucha: je, damu hizi zilitoka kwa maiti zilizoanza kuoza? Maiti inapooza, bakteria huweza kutengeneza n-propanoli, na kile ulichokiongeza kwa kipimo kinachanganyika na kile ambacho mwili umekizalisha, hivyo methanoli ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Wengi siku hizi hutumia t-butanoli kwa sababu hiyo hasa. Swali hilohilo huandamana na mengine mawili: damu ilichukuliwa mshipa wa paja au moyoni, na je, chupa ilikuwa na fluoridi ya sodiamu ya kuzuia vijidudu kuendelea kutengeneza pombe baada ya kifo? Andika majibu ya maswali haya katika sehemu ya mbinu hata kama jibu si zuri. Mpitiaji husamehe upungufu uliokiriwa, ila hasamehi upungufu aliougundua mwenyewe.

Ukiwa na takwimu za vinasaba vya jamii fulani, usipeleke JFS wala FSI kabla ya kumtazama ndugu wa tatu, FSI: Genetics, jarida la chama cha kimataifa cha vinasaba vya sayansi jinai lililoanza mwaka 2007. Hili lina mlango wa nje ambao wengi hawauoni. Kabla ya makala kupokelewa, data zenyewe lazima zikaguliwe na hazina ya data inayohusika: alama za kromosomu Y hupelekwa YHRD mjini Berlin, DNA ya mitokondria hupelekwa EMPOP mjini Innsbruck, na alama za kromosomu za kawaida hupelekwa STRidER. Hazina ikiridhika hutoa namba ya usajili, na namba hiyo ndiyo unayoiandika kwenye makala. Ukaguzi huu ni faida kwetu, si kikwazo, kwa sababu hugundua makosa ya kuandika na sampuli zilizochanganyika, nasi katika hazina hizo tuna uwakilishi mdogo mno kulinganisha na utajiri wa vinasaba vya Afrika. Mahakama inapoambiwa kwamba uwezekano wa mtu mwingine kulingana na kielelezo ni mmoja kati ya mamilioni, namba hiyo imekokotolewa kutokana na watu fulani. Ni haki ya mshtakiwa wa Mwanza au Kigoma kwamba watu hao wawe wanafanana na jamii yake.

Sasa maandalizi ya faili. Kwa JFS nilitenga siku tatu nzima kwa umbo tu: ikisiri ya aya moja isiyozidi maneno 250, maneno msingi, marejeo kwa namba kwa kufuata utaratibu wa kutajwa, na vifaa vyote vikitajwa pamoja na mtengenezaji wake. Majarida mengi ya Elsevier hukuruhusu mara ya kwanza kuwasilisha faili moja kwa mpangilio wowote ulio nadhifu, na masharti ya umbo yanakuja baada ya wapitiaji kuridhika. Kwa mtu anayeandika usiku baada ya zamu, tofauti hiyo si ndogo. Lakini Elsevier wana vidokezo vikuu, yaani sentensi fupi za kutaja matokeo, vitatu hadi vitano, kila kimoja kisizidi herufi 85 pamoja na nafasi, na hapo ndipo wengi huandika maneno matupu. Kulinganisha: “Utafiti huu umeonyesha umuhimu wa kupima methanoli” ni kidokezo kisichosema lolote, “Methanoli ilipimwa katika damu hadi miligramu 10 kwa lita” kinampa mhariri kitu cha kushika. Makala yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, ila kipimo ni kilekile, na mimi huviandika kwanza kwa Kiswahili ili nijiridhishe kwamba nina la kusema.

Katika majarida yote mawili utatakiwa kutamka mgongano wa maslahi, mchango wa kila mwandishi, na kama umetumia programu ya akili mnemba katika uandishi. Programu haiwezi kuwa mwandishi. Wala mkuu wa idara ambaye hajagusa kazi hiyo hastahili kuwa mwandishi. Mweke kwenye shukrani, kwa heshima zote.

Tuje kwenye fedha, ambako ushauri unaotolewa vijiweni mara nyingi si sahihi. JFS na FSI yote ni majarida mseto. Maana yake ni kwamba mwandishi ana njia mbili: kuchapisha kwa njia ya usajili, ambapo wasomaji au maktaba zao ndio wanaolipia na wewe hulipi ada ya uchapishaji, au kulipa ada kubwa ili makala iwe wazi kwa kila mtu, yaani ufikiaji huria. Mtafiti wa Dodoma au Bujumbura asiye na ruzuku anaweza kuchapisha katika majarida haya makubwa bila ada hiyo. Nimekutana na watu walioacha kabisa kuwasilisha FSI kwa kuona tu bei ya ufikiaji huria kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha wakalipia jarida la kitapeli lililowaahidi kuchapisha kazi yao ndani ya wiki moja. Hilo linaniuma kila ninapoliona, maana kazi ikishachapwa kule haiwezi kupelekwa kwingine, na wakili makini akiuliza mahakamani nani aliipitia, jibu halipo.

Mambo hugeuka kwa majarida dada. FSI: Reports na FSI: Synergy ni ya ufikiaji huria moja kwa moja, hayana njia ya bure ya usajili. Mara nyingi mhariri wa FSI akikataa makala hukupendekezea ihamishiwe kwa mmoja wa ndugu hao, na kitufe cha kukubali kiko karibu mno na macho. Usikibonyeze kabla ya kujua nani atalipa. Nchi zilizo katika kundi A la Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi za kipato cha chini kupata majarida, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo, kwa kawaida husamehewa ada katika majarida ya ufikiaji huria kamili ya wachapishaji wakubwa, ila msamaha hutegemea taasisi ya mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayewasiliana na jarida, na hauhusu majarida mseto. Ikiwa mwandishi wa mawasiliano ni msimamizi wako aliyeko chuo cha Ulaya, huenda msamaha ukapotea. Andika barua, upate jibu kwa maandishi, ndipo ukubali kuhamishwa.

Wale wanaotaka makala isomwe bure na hawana njia nyingine wana mlango wa tatu: majarida haya yote huruhusu toleo la mwandishi lililokwisha kukubaliwa, ambalo halijapangwa na mchapishaji, kuwekwa kwenye hazina ya chuo baada ya muda wa zuio uliowekwa na mchapishaji. Aidha Elsevier humpa mwandishi kiungo kinachofungua makala bure kwa siku 50, na siku hizo zinatosha kuwafikia waendesha mashtaka na mawakili wa mkoa mzima ukijipanga.

Nje ya mawili haya, nitaje mengine kwa haraka. Science & Justice, la chama cha wataalamu cha Uingereza, ni zuri kwa makala za kutafsiri ushahidi na za ubora wa maabara. International Journal of Legal Medicine, lenye mizizi ya Ujerumani tangu mwaka 1922, linamfaa daktari wa maiti na mtu wa kukadiria umri kwa mifupa au meno. Egyptian Journal of Forensic Sciences, lililoanza mwaka 2011 na sasa liko SpringerOpen kwa ufikiaji huria, limezoea data za Afrika na Mashariki ya Kati. Ukikadiria kimo kwa urefu wa mkono miongoni mwa wanafunzi wa chuo kimoja, pale utaeleweka upesi kuliko FSI, ambako utaulizwa kwa nini jamii moja zaidi.

Kuna jambo moja ambalo halitofautiani kati ya JFS na FSI, nalo ndilo linaloangusha makala nyingi za kwetu: kibali cha maadili. Damu iliyoletwa na polisi kwa ajili ya kesi ililetwa kwa ajili ya kesi. Kuitumia tena kwa utafiti kunahitaji ruhusa nyingine, na ruhusa hiyo haitolewi kwa kurudi nyuma. Tanzania Bara utapita kwa kamati ya taasisi yako na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa kibali cha utafiti. Kenya utapita kwa kamati iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwa DNA ya binadamu, Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo ya kuulizwa. Majarida ya fani hii yamekuwa makali zaidi miaka ya karibuni, baada ya makala kadhaa za vinasaba vya jamii za wachache kuondolewa zikiwa zimekwisha kuchapwa kwa sababu ridhaa ya waliotoa sampuli haikuweza kuthibitishwa. Mhariri akiomba namba ya kibali na tarehe yake, tarehe hiyo lazima iwe kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa. Kesi iliyo bado mahakamani isiandikwe kabisa hadi rufaa ziishe, hata kama majina yamefichwa, maana katika wilaya ndogo kila mtu anajua ni kesi ipi.

Kwa hiyo mtu akinijia leo na mbinu aliyoithibitisha vizuri, namwambia JFS, maelezo ya kiufundi, njia ya usajili. Akija na mbinu mpya kweli, au na hoja ya hesabu inayogusa fani nzima, namwambia FSI. Mwenye kisa kimoja chenye somo aanze JFS, na akitaka FSI: Reports awe na barua ya msamaha mkononi. Mwenye vinasaba aandikie hazina kwanza. Na yule mwenye utafiti wa jamii moja, sampuli 200 na haja ya kusomwa na majirani, apeleke Misri bila kuona haya.

Methanoli yangu nayo ilikubaliwa katika lile jarida la pili nililolipelekea, baada ya kupima upya sampuli 31 zilizokuwa zimebaki kwenye jokofu kwa kutumia t-butanoli. Majibu kwa wapitiaji yalichukua kurasa kumi na moja: nilinakili kila swali kama lilivyoandikwa, nikaweka jibu chini yake, na mwisho wa kila jibu nikataja ukurasa na mstari wa marekebisho. Matokeo mawili yalibadilika. Niliyaweka yote mawili kwenye jedwali, ya zamani na mapya, nikaeleza kwa nini.